Ngoma ya Kibudu

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Makadara
Jumamosi, 14 Juni 2025
Jina: Wayua Nzivo
Umri: Miaka 43
Kazi: Fundi wa mapazia, Gikomba
Makao: Maringo

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa miguu yangu, sikushikwa. Ngoma ya kanisa letu inayosemekana imeibwa, niliichukua mimi.

Ngoma hiyo iliwambwa na mume wangu, Nzivo, mapema mwezi huu. Akikwangua manyoya ya ngozi ya mbuzi aliyoiwambia, alijikata kidogo mkononi. Pakatokea kipele, kikawa kidonda cheusi kama kaa la jiko, mkono ukavimba. Nilimwambia aende hospitali, akanicheka: "Hata hakiumi, Mama Ndunge." Mficha maradhi, kilio humfichua. Mnamo tarehe 11, Jumatano, alizidiwa na homa, akalazwa.

Daktari alisema ni kimeta, ugonjwa wa mifugo, na kwamba aliupata kwenye ngozi. Hapo ndipo Nzivo aliponiambia, kwa sauti ya chini, kuwa mbuzi yule alikuwa kibudu. Hakuchinjwa, alikufa mwenyewe, na yeye alijua. Nilikasirika sana. Nikalia, kisha nikamnywesha uji.

Daktari aliagiza ngoma isiguswe mpaka watu wa afya waje Jumatatu. Jana saa kumi jioni nilimweleza Mzee Gitonga, mwenyekiti wa kwaya. Akasema, "Mama Ndunge, hiyo ngoma ishaombewa. Kesho kutwa askofu anakuja, lazima ilie."

Nikamjibu, "Mzee, vidudu havijui maombi. Na mpigaji ni binti yako Tiffany."

Akaniambia niwache kutisha watu.

Leo saa moja asubuhi kanisa lilikuwa wazi, linafagiliwa. Nilivaa glavu na barakoa, nikaifunga ngoma kwa nailoni mara tatu, nikaileta kwa mkokoteni. Iko hapo nje kando ya lango. Afande, tafadhali msiifungue. Kama huu ni wizi, niandikeni. Siirudishi. Ngoma hii imeshanilazia mume, na mtoto wa mtu haitampata nikiwa hai.

Nimesomewa niliyoyasema. Ni maneno yangu, na sipunguzi hata moja.

Sahihi: Wayua Nzivo

Yameandikwa nami, Koplo Mulama, saa tatu asubuhi. Maafisa wa afya wamepigiwa simu, wako njiani. Mlalamishi, Bw. Gitonga, amefika na kuombwa aitambue ngoma yake. Ameitambua akiwa ng'ambo ya barabara. Alipoambiwa asogee aitazame vizuri, alikataa.