Minza Amegusa Sikio, Sasa Kiti Kipi?

Jumamosi, Kahama. Mvua inatishia tangu asubuhi na hainyeshi. Na mimi niko hivyohivyo, mawingu yamejaa kichwani na hakuna kinachotoka.

Wanaonijua watashangaa. Shule niliiachia kidato cha pili, lakini niulize habari ya gari, barabara, tumbaku au wanawake, nitakujibu kabla hujamaliza swali. Kama sijui nakujibu vilevile, tena kwa sauti.

Leo sina jibu. Na swali lenyewe ni la kiti cha mtoto.

Dada yangu, Mama Minza, anaendesha lile lori la mgodini ambalo tairi lake peke yake linanizidi urefu. Huko kwao ukikutwa kwenye gari bila mkanda hujielezi, unafungasha virago. Ugonjwa huo akauleta nyumbani. Mtaa mzima Minza ndiye mtoto pekee mwenye kiti chake ndani ya gari, chenye mikanda inayopita mabegani, kiunoni na katikati ya miguu. Watoto wa jirani wanarundikwa siti ya nyuma wanaimba. Minza anafungwa kama rubani. Nimekicheka sana kile kiti, ila si mbele ya Dada.

Akiwa kambini huko mgodini, gari nabaki nalo mimi, na Minza tunabaki naye mimi na Mama yetu. Bibi yake wa Ushetu, mzaa baba, hapendi. Kila akipiga simu anamwomba Dada ampe mjukuu, eti huku analelewa na mhuni. Mhuni ndiyo mimi. Dada humjibu kwamba ataangalia, na hilo neno "ataangalia" sijawahi kulipenda.

Safari hii kabla ya kuondoka akaweka kiti kingine kwenye buti. Wanakiita busta. Hakina mikanda yake, kinamnyanyua tu mtoto ili mkanda wa gari, huu wetu sisi wakubwa, umkae mahali pake. Akasema, akiwa tayari mhamishie hiki. Nikamwuliza atakuwa tayari lini.

"Wewe ndiye unayekaa naye. Utaona." Akapanda basi la mgodi.

Jamani, mimi hutumwa. Hubebeshwa. Huambiwa peleka hiki, leta kile. Kuachiwa jambo niamue, hii ilikuwa mara ya kwanza. Nikavimba.

Minza ana miaka minne na mdomo wa mama mkwe. Kiti kipya alikuwa ameshakiona. Ikawa wimbo mmoja tangu asubuhi hadi jioni, kwamba kile cha zamani ni cha watoto, na wenzake wa chekechea wamemwona amefungwa wakamcheka.

Nikaanza uchunguzi. Boksi limeandikwa Kiingereza na Kichina. Kiingereza changu kinachechemea, Kichina naona vibanda vya miti tu, lakini namba nazisoma. Busta inaanzia kilo kumi na tano. Nikampeleka Minza kwenye mashine ya mpunga, vijana wakamketisha kwenye mizani. Kumi na sita. Mmoja akauliza namuuza hivihivi au nimkoboe kwanza. Minza akamtolea ulimi. Nikarudi kifua mbele, halafu kwa kiherehere changu nikasoma na mgongo wa kile kiti cha zamani. Mwisho kilo kumi na nane.

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma. Huku anafaa, na kule bado anafaa. Mtoto mmoja, viti viwili, vyote vinamwita.

Mama akaona nahangaika bure. Kwani mtoto anapimwaje siku zote? Sikio. Zamani ukitaka kuanza darasa la kwanza ulipitisha mkono juu ya kichwa. Ukigusa sikio la upande wa pili umekua, usipogusa unarudi kuchunga. Sisi wote Mama alitupima hivyo. Minza akapitisha mkono, akalishika sikio na kulivuta. Mikono kairithi kwa baba yake, mtu mrefu kama mnara wa simu. Nikatangaza pale uani, mbele ya majirani: umekua. Akarukaruka mpaka kuku wakahama.

Kiti cha zamani nikakifungua, nikakiweka nyuma ya mlango.

Leo asubuhi tukaondoka kwenda Masumbwe, Mama alikuwa anakwenda kumwona mdogo wake anayeumwa miguu. Mama mbele, Minza nyuma juu ya busta, mkanda umempita begani kama kwenye picha ya boksi. Anapungia watu mkono kama mgombea. Kabla hatujatoka nilimpiga picha nikaiweka status. Niliandika, "Tumekua."

Tulikwenda vizuri, Minza anaimba. Halafu wimbo wa nyuma ukakoma. Nikatazama kioo, sikuona kichwa.

Alikuwa amelala. Kabla ya kulala alikuwa ameutoa mkanda begani akaupitisha chini ya kwapa, maana, alinieleza baadaye, ulikuwa unamkwaruza shingo. Mwili wote umelalia mlango. Nikawaza nisimame sasa hivi, nikawaza tusogee kwanza, na nikiwa bado nawaza ng'ombe wakatoka kichakani. Nikafunga breki. Gari lilisimama mbali nao, wakavuka kwa maringo yao, mchungaji hata hakututazama. Lakini Minza aliteleza. Alishuka mpaka magoti yakagota siti ya Mama, na mkanda uliokuwa mapajani ukampanda tumboni.

Akafumbua macho. "Tumefika?"

Hana hata mchubuko. Nilimkagua mwili mzima, nikambonyeza tumbo, akacheka namtekenya. Nikamwambia Mama naangalia tairi. Nikazunguka gari. Tairi zote zilikuwepo, nikazihesabu mara mbili.

Nimekuwa nikiwaza kama wale ng'ombe wangetoka karibu kidogo.

Siandiki zaidi ya hapo.

Mama akafungua mlango, akashuka naye. Alihamia nyuma, akamshikilia Minza bega asiiname, kwenda na kurudi, na mimi nikaendesha polepole hadi baiskeli zikatupita. Nilipomwambia sikio limetudanganya, akakataa.

"Sikio halina kosa. Lilisema anaweza kukaa. Habari ya kulala hamkuliuliza."

Tulipofika nyumbani nikakitoa kiti cha zamani nyuma ya mlango, nikakifunga tena kwenye gari. Minza alisimama pembeni, mikono kiunoni.

"Mjomba, ulisema nimekua."

"Umekua."

"Sasa?"

Nikajifanya kuna mkanda umegoma.

Jioni hii Dada akapiga. Nilikuwa na uongo mzuri tayari, una kichwa na mkia: kwamba nimetafakari tu, nikaona tumsubirishe. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza Minza anakalia kipi. Uongo ukakwama. Nikamwambia yote, kwapa, ng'ombe, magoti. Nikaiona Ushetu hiyo inakuja, nikaiona na nguo za Minza zikipangwa kwenye begi.

"Umemrudisha mwenyewe, au Mama amekuambia?"

"Mwenyewe."

"Haya."

Haya gani? Nikaona bora niulize kabisa. Nikamwambia Dada, wewe umefundishwa mambo ya usalama, sema basi atakuwa tayari lini.

"Mimi nimefundishwa lori," akasema. "Minza sijui. Ndiyo maana nilikuachia wewe."

Akaitwa kazini, akakata. Ushetu hakuitaja.

Tangu hapo nimekaa hapa barazani nalichambua lile neno la kuniachia mimi. Nimesifiwa au nimesemwa? Siku zote hizi nilijua jibu analo, amelificha anipime. Kumbe hana. Boksi halina, mizani haina, Mama na masikio yake hana. Nilichopata ni kwamba kile cha zamani bado kinamtosha, na kile kipya ni cha mtu anayeuacha mkanda begani safari nzima, hata usingizi ukimchukua. Sawa. Lakini nitajuaje, bila kumpandisha nikaona?

Minza amekuja, ananuna, lakini amekuja. Anauliza kesho kanisani tunakwenda na kiti kipi. Nimemwambia cha zamani. Keshokutwa je? Cha zamani. Sasa anataka nimtajie siku, aihesabu kwa vidole, na amenyoosha mkono anasubiri kidole cha kuanzia.

Nimemwambia tutaangalia.