Mkono wa Tela la Mzee Limbu

Jumamosi, baada ya chakula cha usiku

Laiti nisingekubali kuchomelea tela lile leo.

Mzee Limbu alilileta asubuhi kutoka Dutwa, mkono unaoshika trekta ukiwa na ufa. Nilimwambia mkono huo unataka mashine kubwa, ufa uchimbwe kwanza, kisha chuma kinene kipigwe pande zote mbili. Umeme ulikuwa mdogo, na mashine yangu ilikuwa inapaka chuma juu juu tu, haishiki ndani.

"Ng'wanawane, mwanangu, wewe ziba tu," akasema. "Leo ni mnada, watu wananisubiri."

Nikaziba. Nikapaka na rangi, ufa usionekane. Hiyo rangi ndiyo inayoniuma.

Saa kumi alipita tena mbele ya karakana akirudi kwao. Tela lilijaa magunia, na juu ya magunia walikuwa wamekaa wanawake saba waliotoka mnadani. Mmoja alinipungia mkono. Walipovuka tuta nikasikia chuma kikilia. Nilikimbia nikiwaita, mngurumo wa trekta ukaimeza sauti yangu.

Nimepiga simu ya mzee. Amepokea mkewe, kumbe mzee aliiacha nyumbani. Anasema hawajafika. Akaniuliza kama tela limepona.

Nimemjibu kwamba limepona.