Nilikuwa Nimefunga

Gitega, Jumapili, tarehe 16 Machi 2025

Dada yangu mpendwa Shakila,

Asalaam aleikum. Naapa leo nitakueleza yote, hata lile linaloniaibisha. Natumaini wewe, shemeji Faridi na mtoto mko wazima huko Muyinga, na mnafunga bila taabu. Hapa kwa Bibi tunafunga pia, isipokuwa Mama. Yeye anakunywa dawa, siku zake atazilipa baadaye.

Unajua Baba hathubutu kuja hapa kwa sababu ya wajomba, na kwamba kazi ya kwanza ya Mama aliiharibu kwa kumfuata dukani na matusi. Ndiyo maana tulificha kuwa sasa Mama anashona kwa Mama Klara, nyuma ya soko.

Jumatano mchana Baba aliingia huko. Alimburuta Mama kwa mtandio kutoka kwenye cherehani, mbele ya wateja wa magauni ya Idi, akampiga usoni. Mama Klara alipoingia kati alisukumwa, akaumia mkono. Wanaume wa duka la jirani ndio waliomtoa Baba. Nilipofika kutoka shule nilimkuta Mama anaokota vifungo sakafuni, anamwomba radhi kila mtu, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa.

Mama Klara hakumfukuza. Alisema aliyetoa siri ndiye atakayeondoka, na wote wakamtazama Emerensiana, fundi mwenzake Mama, kwa sababu mume wake hunywa chai na Baba. Emerensiana alilia, akasema, "Mungu ananiona, sijafungua mdomo." Hawakumwamini. Amepewa mpaka Ijumaa, na Mama hamsalimii tena.

Dada, ni mimi niliyesema. Jumanne Baba alinisubiri nje ya shule, amevaa kanzu safi. Aliuliza habari za masomo, kisha akauliza Mama anafanya kazi wapi, eti anataka kumwomba msamaha mwezi huu mtukufu. Nikaanza kusema sijui. Akaniambia, "Mwanangu, umefunga. Utanidanganya mimi baba yako ukiwa na saumu?" Niliogopa saumu yangu isiharibike. Nikampeleka mpaka karibu na mlango, nikamwonyesha kwa kidole. Jioni nilifuturu kwa furaha, nikidhani watapatana.

Bibi anakusalimu sana. Mbusu mtoto kwa niaba yangu. Barua hii anakuletea Bahati, jirani yetu, naye atarudi Gitega Alhamisi, basi mpe jibu lako. Emerensiana hawezi kuondoka kwa kosa langu. Je, utakuja na Bahati, ukae kando yangu nikimwambia Mama?

Mdogo wako,
Swabra