Nafaka za Mama, Chupa za Ayuel

Malakia, Juba
Jumatano, baada ya mvua

Mpendwa Mama,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku Juba. Mimi mwanao Adhel ni mzima, nakula vizuri, na kile kikohozi ulichonisikia nacho kwenye simu kimeisha. Natumaini goti lako limepunguza maumivu, na mvua ya Eldoret haijaingia tena stoo ikalowesha mahindi. Mdogo wangu Adut naye vipi huko chuoni? Mwambie namsalimu, ingawa nina neno naye, na utaona kwa nini.

Kabla sijaendelea nakuomba kitu kimoja. Huyo aliyekuletea barua hii mpe kiti. Usimuulize kitu wala usimjibu kitu mpaka umalize kusoma. Akisema neno, mwambie angoje kidogo, mtoto ameandika mambo mengi. Ni mtu mwenye subira, atangoja.

Najua unashangaa kwa nini barua na simu ipo. Mama, simu yako unaipokea kwa spika katikati ya wateja, na mambo yangu yote hujibiwa na yule jirani yako wa mboga kabla wewe hujafungua mdomo. Nimejaribu kukwambia, haki nimejaribu, lakini kila nikipiga unaanza habari za sare za kwaya na ujasiri wangu unayeyuka. Na Kidinka chetu tunakisema tu, hakuna aliyetufundisha kukiandika, kwa hiyo nimeandika kwa Kiswahili ulichosomea kule kambini Kakuma. Soma polepole. Hata mimi ninayeandika sielewi vizuri.

Nilikwambia nimepata kazi hotelini, na ni kweli. Nilikwambia niko upande wa wageni, hiyo pia ni kweli. Ambacho sikukwambia ni kwamba wageni wangu wanakaa kwenye chumba chenye viti vya ngozi na kabati la vioo, na kabati lenyewe limejaa wiski. Ya Uskochi, wenyewe wanaiita Skochi. Kazi yangu ni kuijua kila chupa, kuwaeleza wageni inanukiaje, na kuwamiminia. Usianze kuniombea bado, subiri ufike mwisho. Na usiogope, waonjaji wa Skochi huonja kidogo wakatema kwenye kopo.

Jinsi nilivyoipata kazi hiyo ndiyo kisa chenyewe. Mwenye hoteli anaitwa Bwana Ayuel, mtu wa kwetu, na watoto wake wanasoma hapo hapo Eldoret. Siku ya kunihoji nilikuwa nimechoka kweli kweli. Nimezunguka Juba nzima na cheti changu, kila mahali naambiwa niache namba. Akaniuliza hili na lile, nikajibu, kisha akaniuliza kama kuna chochote ninachojua kuhusu "blended grain". Mama, moyo uliruka! Si ndiyo maneno ya kwenye stika ya pakiti zako za unga wa uji, nafaka zilizochanganywa, yale Adut aliyoyachapisha kwenye kompyuta pale saiba ili unga uonekane wa supamaketi? Nikajua Mungu amenikumbuka. Nikadhani hoteli inataka kuwapikia wageni uji wa asubuhi.

Basi nikafunguka. Nikamwambia hicho ndicho nilichokuzwa nacho. Nikasema mama yangu anachanganya mwenyewe, ananusa kila gunia kabla hajalinunua, watu wanamfuata hata kutoka Kapsabet, na vipimo vyake hampi mtu hata umlilie. Bwana Ayuel akanitazama, akauliza kama mama huyo anakwenda kanisani. Nikamjibu kwa maringo kuwa ndiye mwenyekiti wa kina mama, na hata pasta hupita kwake asubuhi akanywa kikombe kizima kabla ya ibada.

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akafuta macho, akanisimulia habari za marehemu mama yake. Alipika siko hapa hapa Malakia, ile pombe kali ya mtama ambayo hupendi itajwe mbele yako. Kwa siko hiyo alimlisha na kumsomesha. Askari walivunja mitungi yake, na watu wa kanisa walimkwepa njiani kama hawamjui. Akasema maisha yake yote hajawahi kumsikia binti akijivunia kazi ya mama yake namna ile, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiwaambia watu mama yake anauza chai. Mimi nikawa natikisa kichwa kwa huruma, huku nikijiuliza siko imeingiaje kwenye habari za uji. Akaniambia nianze kazi Jumatatu.

Jumatatu ndiyo nikakabidhiwa kwa Kizza, Mganda anayesimamia baa. Akashusha chupa moja kutoka kwenye kabati, akaipangusa, akaniambia hii ndiyo mzee anapenda kushinda zote. Nikaisoma lebo. Blended Grain. Mama, nilisimama pale kama nguzo ya stima. Yaani nilikuwa nimemwambia mtu mzima kwamba wewe, mama yangu, mwenyekiti wa kina mama, unatengeneza wiski na kumnywesha pasta asubuhi!

Nilitaka kusema hapo hapo. Lakini Bwana Ayuel akaingia na wageni wawili, akanitambulisha akisema, huyu ndiye binti wa yule mama niliyewaambia, mama mwenye mikono kama ya marehemu mama yangu. Wageni wakanipa mkono. Nikatabasamu. Maji nilikuwa nimeshayavulia nguo, ikabidi niyaoge.

Sasa nianze kukueleza masomo ya Kizza, labda wewe utaelewa, maana mimi kichwa kilizunguka. Kwanza kuna wiski ya kimea. Kimea hiki hiki unachokijua, shayiri iliyooteshwa. Halafu kuna wiski ya nafaka, ya ngano au mahindi. Lakini ile ya nafaka nayo hutiwa kimea kidogo ili ichachuke, ila ikishatiwa kimea bado haiitwi ya kimea. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia kwa Kiswahili chake kwamba yeye hapana tunga sheria, yeye nauza tu.

Tena kuna "single". Mimi nikadhani ni nafaka moja peke yake. Kumbe sivyo! Ndani yake wanaweza kuweka mahindi, ngano na shayiri kwa pamoja, ilimradi vyote vimepikwa kiwanda kimoja. Ndiyo "single" yao. Na "blended grain" ni wiski za nafaka za viwanda viwili au zaidi zilizochanganywa, hata kama zote ni za ngano tupu. Wanachohesabu ni nyumba, mbegu hawazihesabu. Kwa hiyo Mama, unga wako wenye wimbi, mtama, mahindi, soya na mchele, kwa akili ya Waskochi haujachanganywa hata kidogo, kwa sababu umetoka stoo moja. Ndilo neno nililo nalo na Adut. Abadilishe stika.

Sijamaliza. Umri unaoandikwa kwenye chupa ni wa ile wiski changa kuliko zote zilizomo, sawa na familia yetu kujitambulisha kwa umri wa Adut. Rangi haitoki kwenye nafaka, inatoka kwenye pipa. Na ile inayopotea hewani pipa likiwa limelala miaka yote hiyo wanasema ni fungu la malaika. Niliposikia hivyo nilikukumbuka wewe na mafundisho yako ya jioni kuhusu malaika, nikaomba usije ukajua.

Kunusa ndiko kulikonichanganya zaidi. Siku za kwanza kila chupa ilinukia dawa ya sindano. Kizza alikuwa akisema nazi, vanila, sukari iliyounguzwa, na mimi nanusa mpaka machozi yanatoka, nazi siioni. Iko moja iliyoninukia rangi ya kucha, nikadhani nimekosea, akaniambia hapo umepata. Nikawa najifunza maneno yake kwa moyo kama mistari ya Sunday school na kuwaimbia wageni. Wageni wakawa wanaafiki. Sijui nao walikuwa wananusa nini.

Halafu alasiri moja mvua ikanyesha, hakuna mgeni. Kizza akanimiminia ile ya blended grain, akanitilia matone machache ya maji, akaniambia niache kutafuta nazi, ninuse tu kama mtu. Nikanusa. Mama, nilinusa stoo yetu. Nilinusa siku unapokaanga mahindi kwenye karai kubwa kabla ya kuyapeleka posho mill kusagwa, na ule utamu wa uji ulioshika kidogo chini ya sufuria, ambao mimi na Adut tulikuwa tukigombania kuukwangua. Nikaonja. Na hapa nitakwambia ukweli, kwa sababu nimechoka na hayo mengine. Sikutema. Nilimeza, na ilikuwa tamu, kisha nikalia kama mtoto kwa kukukumbuka. Kizza akadhani nimelewa, akakimbia kuleta maji.

Aliyeingia kabla ya maji ni Bwana Ayuel. Akaniuliza nimenusa nini mpaka nikalia. Nikamwambia nimenusa mahindi ya mama yangu yakikaangwa. Ilikuwa kweli tupu, ya kwanza kuitoa mdomoni mwangu tangu nianze kazi. Akamgeukia Kizza akasema, umeona? Huyu hakusomea, huyu amezaliwa nayo. Jamani! Nikisema uongo unakuwa uongo, na nikisema kweli nayo inageuka uongo. Hapo ndipo nilipojua nimepotea kabisa.

Nikamweleza yote Falhado. Huyu ni Msomali wa Garissa mwenye duka la vitambaa, ndiye amenipangisha chumba nyuma ya duka lake. Nilidhani atanisema kwa ajili ya pombe, maana kwake ni haramu hata kuinusa. Akasema hayo ni yangu na Mola wangu, lakini njia ya mwongo ni fupi, na kinachonikaba shingoni ni yule bwana. Amemweka mama yake kando ya mama yangu, na mimi nimemwacha amweke mahali pasipo pake. Niende nikaseme. Nikaenda, Mama. Nimekwenda mpaka mlangoni mwa ofisi yake nikarudi, na nikaenda tena, nikarudi vile vile. Naogopa kufukuzwa. Nililiambia kanisa zima narudi kujenga nchi yetu, nitarudije Eldoret kwa sababu ya uji? Lakini zaidi ya kufukuzwa naogopa kuona uso wake atakapojua kwamba hakuna mwingine kama mama yake.

Wiki iliyopita akaniita. Shule zinafunga, anakwenda Eldoret kuchukua watoto wake, na kabla ya kitu kingine anataka kumsalimu mama yangu na kuonja ile blended grain kwa mikono ya mwenyewe aliyeichanganya. Akasema niandike barua, ataibeba mfukoni mwa shati, kwa sababu wakati wa vita mama yake alipokea barua hivyo, kutoka mkononi mwa mtu.

Sasa Mama, inua macho, lakini polepole. Huyo mrefu uliyempa kiti, mwenye pengo la mbele, anayecheka kabla hajasema neno, ndiye Bwana Ayuel.

Usidanganye kwa ajili yangu. Hujawahi kudanganya na sitaki uanze na mimi. Ningekuomba umwambie, lakini hata hilo nimeona ni kukutwika mzigo wangu. Nakuomba ufanye unachofanya kila asubuhi. Mpe kikombe cha uji, ukiwa moto, na umwonyeshe pakiti yenye stika ya Adut. Atasoma mwenyewe.

Na kama unaweza, usimpe ule wa mchanganyiko. Mpikie wa mtama mtupu. Aliwahi kuniambia kwamba kila asubuhi, kabla mama yake hajauchachua unga wa siko, alikuwa akitoa konzi moja kwanza na kumpikia medida, uji wa hapa kwetu, asiende shule na njaa. Tangu azikwe yule mama, hajapikiwa tena uji huo. Kwa hiyo mpikie, na muulize habari za mama yake, umsikilize mpaka mwisho, hata akitaja siko. Wewe ni mama wa kanisa. Ukimsikiliza wewe itakuwa kitu kikubwa kwake, nadhani kuliko wiski zote za kwenye lile kabati.

Akikasirika ana haki, mwache akasirike. Akiomba kikombe cha pili, nipigie. Asipoomba, pia nipigie, na umwambie Adut atoe vitabu vyake kwenye kitanda changu.

Wasalimu kina mama wote, na pasta, ambaye nimemchafulia jina bila yeye kujua. Mungu akulinde, akupe nguvu za goti, na akupe moyo wa kunisamehe, kwa kazi, kwa uongo, na kwa kumeza.

Mwanao akupendaye,
Adhel

Sukari usimtilie. Hakuzoea, kwao haikuwepo.