Nyumba ya Shomoro kwa Mbao za Bi Mwanaidi

Jumapili. Hapa mtaani kwetu Mtoni mvua imenyesha tangu alfajiri na uani kote ni matope. Nina aibu kiasi kwamba hata chai haishuki.

Wiki tatu zilizopita niliweka hapa picha ya nyumba ya shomoro niliyoitengeneza kwa mikono yangu. Nikajisifu kwamba sikununua hata ubao mmoja, nimeokota tu uani. Mlinipongeza sana. Mmoja wenu akaniita fundi, kichwa kikavimba.

Sikuokota. Niliiba.

Nyuma ya jiko la Bi Mwanaidi, mama mwenye nyumba wangu, kulikuwa na mbao saba zimeegemezwa ukutani na kufunikwa turubai. Zote urefu mmoja, zimepigwa randa vizuri. Yeye alikuwa Mbagala kwa mwanawe. Nikachukua mbili, nikakata, nikagongelea misumari, nikatoboa tundu dogo ili kunguru wasipitishe hata mdomo. Nikaipaka rangi ya bluu na kuitundika ukutani, chini ya paa.

Mtu mzima mimi, nimeshazika wangapi? Nimesimama makaburini nikipokezana mbao za urefu uleule, zikipangwa juu ya maiti kabla ya udongo. Na bado sikujiuliza bibi wa miaka sabini na kitu anaweka mbao za nini.

Aliporudi alikuta tano. Akaniambia kwa upole kwamba zile ni zake za kaburini, kaziandaa pamoja na sanda ili siku yake ikifika wanawe wasihangaike. Akauliza kama nimemwona aliyezichukua.

Ningeweza kusema palepale. Badala yake nikasema labda Fundi Saidi, aliyekuja kubadilisha bati za jiko siku zilezile. Na nililisema kwa sauti ya mtu mwema kabisa.

Bi Mwanaidi hakugombana na fundi. Alimwambia jirani mmoja tu, lakini mtaa wetu hauna jirani mmoja. Juzi nikasikia mlango ambao Saidi alikuwa autengeneze umepewa fundi mwingine.

Huku nyumbani shomoro walishahamia. Bi Mwanaidi anawarushia chenga za mchele kila asubuhi, kisha ananiombea dua kwa kuwaletea makazi viumbe wa Mungu. Leo aliponiombea tena nikashindwa. Nikakaa chini mbele yake nikamweleza yote. Nilitegemea anililie mbao zake.

“Mbao zinauzwa, mwanangu,” alisema. “Lakini mie najiandaa kwenda kwa Mola wangu, wewe unanitwika dhambi ya kumsingizia mtu.”

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Nilijua nimemwibia na nimemdanganya. Sikujua kuwa nimemchafua na yeye.

Nikamwambia nitakwenda kwa fundi peke yangu. Akajitanda khanga, akachukua mkongojo, akatoka na magoti yake yale yanayomsumbua kila mvua ikinyesha. Nikamfuata na mwavuli.

Fundi Saidi alikuwa barazani kwake. Alimwamkia, akamletea kiti, Bi Mwanaidi hakukaa. Nikafungua mdomo, akanitangulia.

“Saidi, nimekusema vibaya na hukufanya. Niwie radhi.”

Fundi aliangalia chini. Akamwambia ameshamsamehe, aingie ndani asilowe. Ndipo nikasema ya kwangu. Maneno niliyoyapanga njia nzima yalitoka vipande vipande. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Bi Mwanaidi na kumuuliza urefu wa mbao, amrandie nyingine mbili. Mimi hakunijibu kitu, na sina haki ya kudai jibu.

Nilitaka kuivunja ile nyumba ya ndege. Bi Mwanaidi amekataa, anasema mle ndani kuna makinda na wao hawajamkosea mtu.

Ile picha niliyojisifia sitaifuta. Chini yake nimeandika mbao zilikuwa za nani. Kesho nitaanza kwa jirani yule aliyeambiwa, niendelee mlango kwa mlango mpaka kwa mwenye kazi aliyomnyima Saidi.

Ila sijui nitaiweka wapi picha ya leo, isiyo kwenye simu. Bibi wa umri ule amesimama matopeni kuomba radhi kwa kosa langu, na mimi nimeshika mwavuli.