Timu Inangoja Eda Yangu

Mbuchi, Rufiji
10 Oktoba 1955

Kwa mama yangu mzazi, Mwantumu binti Shaabani, Mloka.

Mama, nashika miguu yako kwa mbali. Nataraji barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kilichokuwa kikikubana wakati wa baridi kimekuachia. Mjomba Zaidi hajambo? Na mahindi je, mwaka huu mliwahi kuvuna au nguruwe waliwatangulia? Sisi huku mpunga ulikuwa wa kiasi, hatulalamiki. Mwili wangu hauna ugonjwa. Kinachoniuma ni roho, na ndiyo sababu nakuandikia kirefu namna hii. Barua anakuletea Dadi, yule muuza papa, nami nimemwomba akukabidhi wewe mwenyewe mkononi.

Najua umekwisha sikia kwamba Sadala ameniacha. Najua vilevile kwamba hukuambiwa kweli. Nasikia huko kwenu imefika kwamba tuligombana. Hatukugombana, mama. Niliachwa kwa sababu timu ya Mbuchi haikupata goli katika mechi mbili za mwanzo wa msimu. Sasa yuko mtu mwingine, Abdulkarimu wa Kibiti, analala kwa baba, anapikiwa, anangoja eda yangu iishe anioe ili apate kucheza. Nimekutangulizia shida yangu usije ukadhani nakuletea habari za mpira kwa kujifurahisha.

Wewe ulipoachana na baba na kurudi kwenu, mambo haya yalikuwa hayajaanza. Siku zile vijana walicheza maji yakiwa mafu, bahari haijai, wakata boriti za mikoko wakiwa hawana kazi, wakimaliza wanaoga wanakwenda kula. Kisha wenye maboriti wakatoa kikombe, na kila kijiji kikaanza kuajiri wachezaji kama wanavyoajiri wakataji. Nyamisati walileta makuli wa bandarini Dar es Salaam, watu wazima wenye ndevu, wakatufunga mpaka tukaona haya. Ndipo wazee wa vijiji wakakutana wakakata shauri kwamba hachezi mtu ila awe mwana wa mji au mkwe wa mji. Waliona wamezuia. Walichofanya ni kutufanya sisi watoto wa kike kuwa vibali.

Baba ndiye mwenyekiti wa timu. Mwaka jana alimtaka Sadala wa Ndundu, senta fowadi aliyekuwa anavunja nyavu kule kivukoni, na mwenyekiti hawezi kwenda kuomba binti wa jirani ilhali wake yumo ndani. Mwalimu Khamisi wa chuoni alikuja mlangoni kuniuliza kama nimeridhia. Nikanyamaza, wakasema amekubali, mwanamwali kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Sikuwa nimekubali. Sikuwa nimekataa pia. Nilikuwa nimeshikwa na haya tu, na nje nilisikia watu wanashangilia kama goli limeingia.

Lakini nitasema kweli, mama, nilimpenda. Hukuwepo kuona tulivyokaa. Alikuwa akirudi uwanjani namkanda miguu kwa mafuta ya nazi, huku ananieleza mpira ulivyokwenda, nani alimpa pasi na nani alimnyima, mpaka nikaujua mchezo kuliko wanaokwenda kutazama. Nilimwambia yule winga wa kushoto anachelewa kutoa mpira, akacheka, kisha akaenda kumwambia winga. Mwaka ule tulikosa kikombe kidogo tu, na baba alikuwa akiniita mwanangu wa baraka.

Mwaka huu msimu ulianza vibaya, na nitakwambia ulivyoanza. Kibwana golikipa alibanwa kidole na boriti wakati wa kupakia, kikavimba, akadaka mechi ya kwanza kwa mkono mmoja na nusu. Huseni, beki wetu, alikuwa Mafia kwenye harusi ya dada yake, harusi isiyokwisha. Winga wa kushoto alikuwa amechoka na kazi ya mikoko, anakimbia mara moja anashika kiuno. Kwa timu kama hiyo Sadala angefunga na nini? Tulitoka suluhu na Salale, tukafungwa na Mbwera goli moja, nalo la kizembe. Mtu mwenye akili angesema ngoja kidole kipone, ngoja Huseni arudi, msimu ndio kwanza unafunguka. Kamati ya timu ilisema senta fowadi amekwisha. Wakasema mguu umekuwa mzito kwa sababu ya ndoa. Mama, wao ndio walionipa, na wao ndio walionisingizia.

Baba alimwita Sadala barazani, mimi niko ndani nasikia. Akamwambia nyumba ni ya kamati, kazi ya maboriti ni ya kamati, na kamati inamshukuru. Nikangoja Sadala aseme mke ni wangu. Angeweza kunichukua twende Ndundu, mimi ningepanda mtumbwi jioni ile ile na nguo niliyovaa. Sadala akasema Ndundu yeye ni mtoto wa mji, hahitaji mke ili acheze. Akatoa talaka moja, kwa adabu kabisa, mbele ya mashahidi. Kisha akauliza kama viatu vya mpira anarudisha au ni vyake. Akaambiwa arudishe. Kwa viatu alibishana kidogo.

Wanaume wale wakaondoka wakiwa na furaha, wanamtaja Abdulkarimu, wanasema akioa wiki ijayo atawahi mechi ya Nyamisati. Mwalimu Khamisi ndiye aliyewauliza kama wamesahau eda. Walikuwa wamesahau, mama. Walikumbuka viatu, wakakumbuka nyumba na jezi, wasikumbuke kwamba mwanamke aliyeachwa hana budi kukaa mpaka tohara zake tatu, vile vipindi vya usafi baina ya hedhi, zitimie. Naambiwa baba aliuliza kama kuna njia ya kufupisha. Mwalimu akamwambia hakuna, na kwamba hesabu yenyewe haijui mtu ila mwanamke mwenyewe, na neno lake ndilo linaloshikwa.

Tangu siku ile mwili wangu umekuwa shauri la kamati. Abdulkarimu aliletwa kutoka Kibiti akawekwa chumba cha uani, asije akachukuliwa na kijiji kingine. Ni kijana mpole, simlaumu sana, ila anakula. Viatu vya Sadala vinambana, anavivaa hivyo hivyo kila jioni akafanye mazoezi peke yake. Na Biasha, mke wa baba, anatumwa kuja kuniuliza kama nimeingia mwezini. Anakuja na kisahani cha chochote, anakaa, anazungumza habari za watu, kisha anauliza. Nikimjibu anakwenda kumwambia baba, baba anawaambia wenzake. Nikipita kisimani, wazee wazima wananitazama usoni kama watu wanaotazama mawingu.

Habari za timu zimeendelea kuwa mbaya. Bila senta fowadi walitoka suluhu na Nyamisati, wakafungwa na Salale kwao, wakabahatika kushinda mara moja kwa goli la kujifunga. Huseni amerudi na amenenepa. Kidole cha Kibwana kimepona lakini anauogopa mpira. Na Ndundu je? Ndundu wanaongoza. Sadala alifunga mara tatu katika mechi yake ya kwanza kwao, na mguu ule uliokuwa mzito umekuwa mwepesi. Mwanaharusi, somo yangu aliyenifunda, ndiye anayeniletea habari hizi, ananiletea na maneno ya kunifariji, nayo sijui niyaweke wapi. Sadala anaweza kunirejea wakati wowote nikiwa edani, kwa neno tu, bila mahari wala harusi. Hajatuma hata salamu. Alituma mtu kuulizia shuka lake.

Sasa Ndundu wanakuja kucheza hapa Jumapili ya wiki ijayo, na kamati imepanga niolewe Ijumaa yake baada ya sala, Abdulkarimu awe mkwe wa mji kwa siku mbili na afunge magoli siku ya tatu. Jana Biasha alikuja na kanga mpya. Alisema baba ameahidi kwamba mara hii nitakuwa na furaha. Nilimshukuru. Nilipobaki peke yangu nililia kwa hasira mpaka kichwa kikauma, kisha nikachukua kalamu.

Mama, ninalokuandikia sasa sijamwambia mtu, hata somo yangu. Mimi sijaingia mwezini tangu Sadala alipoondoka. Biasha alipokuja mara ya kwanza nilikuwa nimekwisha shuku, na nilimwambia nimeona. Mara ya pili nilikuwa na hakika, kwa kuwa harufu ya samaki ilikuwa inanitoa nje, na nilimwambia nimeona tena. Akija wiki hii nitamwambia vivyo hivyo. Nina mimba ya Sadala, na eda yangu haiishi mpaka nijifungue, wakati ambapo msimu huu utakuwa umekwisha na kikombe kipo kabatini kwa watu wengine.

Najua nimefanya haramu. Mwalimu Khamisi alitusomesha chuoni kwamba si halali kwa mwanamke kuficha alichoumba Mungu tumboni mwake, na nimekificha huku naijua aya yenyewe kwa moyo. Mwanzo nilificha kwa woga. Baadaye nilificha kwa chuki, nikiwaona wanampikia Abdulkarimu wali wa nazi na kuhesabu siku zangu. Ningesema mapema, wangemrudisha Kibiti wakatafuta binti wa mtu mwingine wa kumpa, labda mtoto wa Mwanaharusi, ambaye hata nywele bado anasukwa na mama yake. Hilo nalo nililifikiria, lakini sitaki kukudanganya kwamba ndilo lililotangulia. Lililotangulia ni kutaka waumie.

Siku ya Ijumaa Mwalimu atakuja tena mlangoni kuuliza. Mara ile kunyamaza kwangu kulitosha. Mara hii mimi si mwanamwali, sheria inataka niseme kwa mdomo wangu mwenyewe, na baba na kamati yote watakuwa wametulia barazani na makanzu yao wakingoja kusikia sauti yangu. Nitaitoa. Nitasema nimo edani, nina mtoto wa mtu tumboni, na anayetaka kunioza leo anaoza kwa batili. Sitasema zaidi ya hapo. Sijui baba atanifanya nini.

Kwa hiyo nakuomba, mama, usije. Ukija watasema ni wewe uliyenifundisha, na baba ana maneno ya kutosha juu yako. Niandalie mahali pa kulala tu. Nikimaliza kusema nitakaa siku chache kwa somo yangu, halafu nitapanda na Dadi safari yake ya pili. Kwa watu wa huko sema nimekuja kukusaidia kufukuza nguruwe shambani. Na ukiniona usinipokee kwa kilio, kwa sababu ukilia wewe na mimi nitalia, na nimechoka.

Kuhusu Sadala, usimpelekee mjumbe. Anao muda mrefu wa kunirejea kuliko anavyojua, na sitaki aambiwe. Kama atakuja, aje kwa kunikumbuka mimi. Hatakuja, mama. Nimekwisha kulijua hilo, nami naliandika hapa nisije nikasahau.

Nisalimie mjomba Zaidi na watoto wake wote, nisalimie shangazi Mwanamina umwambie mkeka wake bado naulalia. Biasha anakusalimu, hajui ninakuandikia nini. Niombee dua kwa lile kosa nililokutajia, na uniombee nyingine nisishikwe na haya mlangoni.

Ni mimi mwanao, niliye bado edani,
Zamda binti Bwanaheri