Madebe Mawili ya Ilongero

Shikamoo Baba,

Huku Ilongero upepo unavuma tangu asubuhi, na nimekula kuku wa kienyeji hadi nikaona haya. Wanafunzi niliokuja kuwafundisha habari za sayari zinazozunguka nyota nyingine ni wachangamfu sana. Lakini leo aliyenifundisha ni mwenyeji wangu, Mama Neema, mnunuzi wa alizeti. Aliniuliza swali lako lilelile: “Mnajuaje sayari ina nini ndani, na hamjafika?”

Nikamwambia tunapima ukubwa na uzito, kama yeye anavyonyanyua debe: likiwa jepesi, anajua ni mapepe, yaani mbegu tupu zisizo na kiini. Sayari yenye ukubwa wa dunia ikiizidi dunia uzito, basi ina chuma kingi. Nikajiona nimeeleza!

Akacheka. “Hebu nyanyua madebe haya mawili ya alizeti, mwalimu.” Nikanyanyua, uzito sawa. La kwanza lilikuwa na alizeti nzuri hadi chini. Akazamisha mkono hadi kwenye kitako cha debe la pili, ukatoka umejaa mchanga. “Juu mapepe, chini mchanga, ndivyo wauzaji wanavyotudanganya. Mkono wako utafika huko kwenye sayari?”

Baba, hapo ndipo tunapotoka jasho kazini! Sayari mbili zinalingana kwa kila kipimo, kumbe moja ni mwamba mtupu, nyingine ina chuma katikati na maji mengi juu.

Msalimie Mama, nawaletea mafuta ya alizeti. Na unisamehe. Uliponiuliza pale stendi siku ya safari nilikujibu kwa mkato kwamba ni elimu nzito, hutaelewa. Kumbe debe la mchanga nilikuwa mimi.

Mwanao,
Rehema